Kabla Hujapigilia Kigingi

Kaa, fundi Singano. Kahawa imechemka,
kashata zipo. Kigingi kiweke chini kwanza,
Kange haikimbii.

Najua umejenga Raskazone,
najua zege lako halioni ufa.
Sikuulizi hayo.
Nionyeshe karatasi ya bima.

Usicheke.
Aliyekutangulia alicheka hivyohivyo:
"Mwalimu Mwanamkasi, sisi watu wa Tanga,
neno letu ndiyo mhuri."
Lenta ilishuka Jumanne, saa nne asubuhi,
Kibwana, kijana wa ndoo, akiwa chini yake,
na banda la kuku la jirani likaenda nayo.
Neno lake lilipanda basi la Korogwe,
simu ikawa haipatikani.

Bombo nililipa mimi: vyuma viwili mguuni.
Jirani nilimlipa mimi: mabati, kuku kumi na mmoja
(jogoo alimhesabu mara mbili).
Kiinua mgongo cha miaka thelathini ya chaki
kikaishia kwenye plasta ya mguu wa mtoto wa mtu;
ukuta wangu plasta haukuionja.

Ndiyo, Mungu ndiye mlinzi.
Na mlango bado naufunga.

Ah, unayo? Lete. Ngoja nivae miwani.
Jina lako, sawa. Vibarua watano. Mali ya jirani, imo.
Tarehe…
Fundi, hii ilikufa Machi.

Maliza kahawa yako, haina deni.
Kigingi kiache hapo nyuma ya mlango;
nitakutunzia
mpaka urudi na iliyo hai.