Risiti ya Jiwe

Bwana Rwechungura ananiuliza, kalamu mdomoni:
"Mama, mlinunua ngapi, umeuza ngapi?"
Kiwanja cha Mabatini, namjibu, kule juu mlimani,
mwaka tisini na nane, laki sita na nusu,
na sehemu yake tulilipa kwa dagaa.
Nyumba nimeuza mwezi jana, milioni arobaini na moja.
Anaandika. Anatoa. Anapiga mstari.
"Basi hii iliyobaki, tukishatoa gharama, ndiyo faida."

Faida.
Neno hili nalijua tangu soko la Kirumba:
sado umeinunua alfajiri, ukaigawa mafungu,
jioni ikabaki hela ya unga.
Sikujua kwamba hata kulala mahali pamoja
miaka ishirini na sita
mtu huamka na faida.

Ananisomea kanuni polepole, si mtu mbaya.
Msamaha upo: uwe umeimiliki miaka mitatu,
uwe umeishi humo miaka mitatu,
na faida isivuke milioni kumi na tano.
"Lakini zote nimezizika Buswelu," nasema,
"nyumba ya kuishi, si ya kupangisha, na bado sijapaua."
Anavua miwani.
"Mama Sindi, fomu haiulizi pesa imekwenda wapi.
Inauliza imetoka wapi,
na mliigharamia kiasi gani. Kwa risiti."

Haya, risiti.
Za saruji ninazo. Za mbao ninazo.
Ya bati imeliwa na mende, imebaki tarehe.
Lakini pale palikuwa na jiwe, Bwana Rwechungura,
jiwe kubwa kuliko hii ofisi yako,
lilikuwa limekaa sebuleni kabla ya sebule.
Masanyiwa alilichoma viangazi vitatu:
magurudumu mabovu chini, moto usiku kucha,
kisha mimi na ndoo kutoka bombani bondeni,
maji ya baridi juu ya jiwe jekundu,
pah!
na ufa mwembamba, kama uzi wa kushonea.
Tulilitoa kipande kwa kipande.
Na ule moshi ukamtoa yeye, kipande kwa kipande.
Kikohozi kile nani alikiandikia stakabadhi?

Namkabidhi bahasha ya kaki:
karatasi za Luku, zimefifia wino,
kadi ya kliniki ya Sindi, barua ya balozi,
na daftari la marehemu, hesabu zake za moto.
*Magurudumu sita, kwa Nyakeke, elfu tatu.
Madumu arobaini, kabeba Mbuke, bure.*

Hilo "bure" analisoma mara mbili.
Ukurasa wa magurudumu anaugongea mhuri.
Wa madumu ananirudishia, kwa mikono miwili,
kama mtu anayerudisha mtoto kwa mama yake.
"Bure haipunguzi kitu, mama."
Imebaki milioni kumi na sita na ushee.
Nirudi Jumatano, na mthamini,
huenda ukuta wa kuzuia mmomonyoko ukatusaidia.

Buswelu ni tambarare. Msingi ulichimbwa siku mbili,
fundi hakutoka hata jasho la kusemea.
Usiku nalala kwenye chumba kisicho na paa,
nayaona mataa ya Mabatini kwa mawazo tu, maana vilima vimeziba,
na ziwa silisikii tena.

Mnunuzi alipata kila kitu, hadi kitasa.
Ila kabla ya kumpa funguo nilipanda nyuma ya jiko,
nikaokota kigae cha lile jiwe,
upande mmoja mweusi wa masizi, mmoja unametameta.
Kiko kwenye kona ya msingi, chini ya tofali la kwanza.
Fundi aliuliza cha nini.
Nikamwambia, we weka.

Jumatano sitakitaja.
Asije akataka kujua nilikinunua kwa bei gani.