Sindano Yaelekea Kibula

Redio ilonifia
kwenye kikapu natia,
tumboni imesalia
duara nzito ya chuma.

Gredi ya nne, Langoni,
ni watoto thelathini
wamebanana chumbani
na joto linatuchoma.

Nje punda yualia,
nami ndani nawambia:
"Hiki mwakichungulia,
sumaku, mvuta chuma."

Nikamimina mezani
pini, kauri, sahani,
kifungo cha mfukoni,
vijiko, kisu na uma.

Kwanza nikawauliza:
"Kisieni, mkiwaza,
nani wa kujisogeza
na nani abaki nyuma?"

Mwana sonara, Famau,
alisema kwa dharau:
"King'aacho, angalau,
lazima kitaegama."

Pete ya fedha katia,
sumaku ikatulia,
lakini ikarukia
msumari, kutu nzima!

Darasa likaangua
kicheko, punda kajua,
naye jicho katumbua
pete akiitazama.

"Si mng'aro wala bei:
kwa shaba haitembei,
dhahabu haipokei,
ila nikeli na chuma.

"Ncha mbili zikikutana,
kama jina zafanana,
hakuna kushikamana,
ni teke na kusukuma.

"Ila suheli, kibula,
huvutana bila hila,
kama Shee na chakula
kengele ikishakoma."

Na Tima, wa Mkomani,
kauliza: "Mlangoni
kuna vifundo safuni,
je, sumaku itakwama?"

"Sijui," nikamwambia.
Kichochoro tukangia,
mlango tukafikia;
bibiye ameinama,

kofia yuaishona.
Watoto akiwaona,
sindano, mara, hakuna!
Mkekani imezama.

Vifundo vilikataa,
shaba tupu, vinang'aa;
kwa tumbuu ikakaa,
ikagoma kuihama.

Tima kaishusha chini
polepole, mkekani;
tiki! toka ukilini
sindano yaja salama.

"Subhana!" bibi kaguta,
"mbona hiyo yaivuta
bila uzi, bila nta,
wala kidole kutuma?"

"Nguvu yake haikomi,
mkeka haukingami,
karatasi haigomi,
hupita hata kwa nyuma."

Bibi kanipa sindano;
kwa sumaku, kwa mkono,
nikaisugua mno,
upande mmoja, vyema.

Juu ya jani kaweka
majini, ikazunguka,
ikatua, ikafika,
kibula ikatazama.

"Mwalimu, yaswali!" Lali
kapiga yowe la kweli.
Msikiti si wa mbali,
nao huko wasimama.

"Si sala; nayo dunia
ni sumaku, wasikia?
Sindano yaitikia
mwito wake wa daima."

Bibi kashona, kanena:
"Kwitika na sala, mwana,
sioni yakipishana."
Nikakosa la kusema.

Famau kaja pembeni,
kanivuta mkononi:
"Kuna nani mle ndani
avutaye hicho chuma?"

Nikasema: "Sijajua
vyote; nawe ukikua
nifunze, ukigundua."
Akaenda akipima

bomba, kitasa, bawaba,
kopo, na pete ya baba,
mara ya pili, ya saba;
pete haikushikama.