Mchanga Katika Oveni

Spika nilipewa na mjane wa Bwana Ollerenshaw,
mtaa wa juu hapa Keighley, kwenye nyumba za mawe meusi:
mbili, za mbao ya mkangazi, nzito kama madeni.
Nikazishusha mlimani moja moja kwa kigari cha mtoto
huku mvua ikinifuata nyuma kama mdai.

Amplifaya nilikuwa nayo. Wati ishirini,
ya bei chee, ila ilinitumikia kwa adabu
enzi za chumba cha kupanga, na spika za kadiri yake.
Nikaunga waya. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi.
Ikajikaza, maskini,
ikapata moto hadi paka akahamia juu yake,
na kwenye wimbo wa tatu ikazima.

Omu nne, alisema kijana wa dukani Bradford
bila kuinua macho kwenye lehemu yake.
Spika za omu nne zinakunywa.
Hiyo yako ni kijiko, nazo zinataka ndoo.
Nilimwelewa. Nimeona ndoa za namna hiyo.

Miezi mitano ya zamu za usiku kiwanda cha biskuti,
nikarudi na nyingine, ya mtumba, ina mkwaruzo shavuni,
wati themanini, na haijisifu.
Nikawasha.
Sauti ikajaa. Ikajaa mno.
Besi ikazama kwenye mbao za sakafu,
ikapita chini ya zulia, ikatokea jikoni,
vikombe vikaanza kusengenyana kabatini,
na mwimbaji akaimba kama aliyetumbukia mtungini.

Ndivyo ulivyo ugonjwa huu: ukitibu kichwa, mguu unadai.
Spika zilikuwa zimechutama sakafuni.
Nikanunua stendi za chuma, matumbo matupu,
ukizigonga zinalia kama kengele ya shule.
Zijaze mchanga, alisema yule kijana. Mkavu.

Mkavu! Kwa nchi hii!
Gunia nililouziwa lilikuwa likitoa machozi.
Nikautandaza kwenye trei, nikautia ovenini,
moto wa mkate, saa nzima, nikiugeuza kwa mwiko.
Zuwena akarudi, bado na viatu vya wodini,
akanusa hewa, akafungua oveni,
akaifunga.
"Na mchuzi wake?" akauliza.

Tukaumimina pamoja kwa gazeti lililokunjwa,
ukashuka ndani ya chuma kwa mlio wa mchele ukipimwa.
Nikagonga: du. Basi. Hazina neno tena.
Miiba minne chini ya kila stendi, na chini ya kila mwiba
sarafu ya peni mbili, sakafu isitoboke.
Peni kumi na sita, zimebeba muziki mzima.

Usiku tukaweka kaseti ya arusi ya dada yake, Korogwe,
ambayo tumeisikiliza hadi utepe umechoka.
Mwimbaji akatoka mtungini, akasimama
pale penye ukuta tu na kalenda.
Fidla upande wa dirisha. Nyuma yake kiti kikakwaruza,
kisha mtu akakohoa, mara mbili, kikohozi kikavu
ambacho miaka yote hatukuwahi kukisikia.

Zuwena akaweka kikombe chini.
"Rudisha."
Nikarudisha. Kikohozi.
"Huyo ni Mbaruku fundi baiskeli," akasema taratibu.
"Alituapia siku ile hakufika, homa imemlaza.
Kumbe pilau alikula!
Na mchango wake hajatoa hadi leo."