Ule Mwisho

Kanda ya kwanza haikuhitaji mtetezi.
"Kiti cha Mbele", Butimba Nyota Saba:
mwaka ule ilipigwa kutoka Kirumba hadi Nansio,
melini ilipigwa, kwenye kipaimara ilipigwa,
na bwana shamba wa Magu, nasikia,
aliicheza mpaka akavunja kiti,
cha mbele, ndiyo, usicheke.
Pale Makoroboi niliirekodi
hadi vichwa vya deki vikalika.

Ya pili iliitwa "Zamu ya Usiku".
Nyota walewale, ila wamechoka,
na mwimbaji mpya, Nyanzala Bituro,
katoka kiwanda cha nguo na pamba bado nyweleni.
Hamna sebene. Hamna tajiri aliyetajwa jina.
Zilinunuliwa kumi na moja,
mbili zikarudishwa.

Shigela, mwenye bendi, akaniletea maboksi.
"Rekodi juu yake. Weka ile nyingine.
Hizi hazitoki."
Vitundu vya kuzuia kufuta vilikuwa vimeshavunjwa;
nikaviziba kwa plasta ya kidonda, kanda kwa kanda,
mia mbili kasoro, usiku mara nne.
Ukirekodi juu ya kitu
deki haikusikilizishi unachokifuta.
Wakati ule niliona ni hisani.

Hesabu sikupiga.
"Kiti cha Mbele", upande B: dakika ishirini na saba.
"Zamu ya Usiku": thelathini kamili.
Ngoma ikiisha nazima, natafuna muhogo,
naweka nyingine.

Basi watu huko wakacheza mpaka wakamaliza,
jasho bado, mikono bado kiunoni mwa mtu,
kimya cha kuhesabu moja hadi nne,
halafu Nyanzala anaingia katikati ya neno:

    ...zi umekatika, mwanangu,
    nausokota kwa mate

na nyuma yake mtambo unanguruma, ule wenyewe,
ambao Shigela aliunasa akiwa kajificha stoo
na kinasa sauti ndani ya ndoo.

Wakaja kulalamika.
Mwenye mashine ya kusaga, wa Igoma:
"Kuna mwanamke analia ndani ya kanda yangu."
Nikambadilishia, bila fidia, bila maneno.
Wiki ya pili karudi
anamtaka yule anayelia.

Ukerewe wakauita Ule Mwisho.
Sengerema walioshea vyombo vya harusi kwa huo,
wageni wameondoka, masufuria yameungua,
na mtu anasema: usizime, bado dakika tatu.
Hakuna aliyejua jina la wimbo.
Hakuna aliyejua kwamba
ulikuwa na mwanzo.

Kiwanda kilipofungwa Nyanzala akahamia Mwaloni, dagaa.
Siku moja nikamkuta anapepeta,
anaimba peke yake, si kwa ajili yetu,
na ilikuwa sehemu ya kabla ya "...zi".
Sauti ilipanda pale nilipodhani inashuka.
Nilisimama kama mdeni kwenye foleni ya mshahara.
Sikujitaja.
Nikanunua sado mbili za dagaa
ambazo nyumbani hakuna aliyeziomba.

Mwaka huu kaja kijana wa redio, Kwilasa,
daftari mkononi: anapanga kanda bora za ukanda wa ziwa.
Namba moja keshaiandika.
Nikasoma, nikamwambia iache hapohapo,
ni kweli, hata mimi miguu yangu inaijua.
Kisha nikafungua droo.
Kanda moja ilibaki, plasta imekuwa ngumu kama ukucha.
Tukasikiliza yote, tukapita kimya kile.
Kalamu yake ikasimama.

"Unaanzaje?" akauliza.

Ningeweza kumwimbia, vibaya.
Nikamwelekeza Mwaloni, banda la tatu baada ya mizani,
aende asubuhi kabla jua halijakausha samaki,
asitoe daftari mara moja,
achukue na pesa ya dagaa,
na akiulizwa nani kamtuma
aseme
fundi wa plasta.