Gramu Mia Nne na Ishirini

Saa kumi alfajiri, Kutaisi bado imejifunika ukungu wa mto,
mimi nimeshawasha tanuri,
nimeshakata madonge sitini.
Mkono wangu haukosei. Miaka ishirini na saba
mizani iko pale kwa ajili ya wakaguzi tu.

Ndiyo maana Daktari Mzevinari aliponiwekea mezani
kifuko cha silikoni, king'avu kama jicho la samaki,
nilikipima kiganjani nikamwambia: mia nne na ishirini.
Akageuza boksi, akasoma, akacheka.
Mimi sikucheka.
Huo ni uzito wa mkate mmoja mbichi.

"Au," akasema, "tunakata nyama ya tumbo lako mwenyewe,
tunaipandisha, tunaunga mshipa kwa mshipa.
Au tunaacha hivyo hivyo, bapa. Wengi wanaacha.
Nenda ukafikiri."

Jumberi, mume wangu, anasema: upendavyo wewe.
Anasema huku akifunga kamba za viatu.
Wifi yangu Tsiala anasema kuvuja kwa pakacha nafuu kwa mchukuzi,
na kwa umri huu, la nini tena?
Nikamuuliza: katika hilo pakacha ni nani, na mchukuzi ni nani?
Akachukua mikate miwili, akasahau chenji.

Hospitalini, Natela, mwalimu wa jiografia,
alinivuta chooni akafungua vifungo.
"Gusa."
Nikagusa. La duara, zuri, baridi kidogo.
"Unahisi?"
"Nahisi unasukuma. Kama mtu
anayebisha hodi nyumba ya jirani."

Sitasema uongo: Jumanne moja nilijitengenezea langu.
Donge, mia nne na ishirini sawasawa,
nikalifunga kwa nailoni, nikalitia kwenye sidiria, kushoto.
Nikauza mikate nimenyooka kama askari wa gwaride.
Lakini hamira haina adabu, na mimi nina joto.
Saa nne lilikuwa limeumuka.
Saa tano nilikuwa na ziwa la msichana,
saa sita la mama anyonyeshaye mapacha,
na nailoni ikapasuka mbele ya padri.
Nilicheka mpaka nikaketi juu ya gunia.
Kisha nikalia, si sana.
Kisha nikalioka. Lilitoka zuri.
Nililila peke yangu, na chumvi.

Kubandika mkate ukutani mwa tanuri
lazima uiname mpaka kiunoni, kichwa ndani.
Kulia, joto linapiga hodi kwenye nyama kwanza.
Kushoto linaingia moja kwa moja mpaka ubavuni.
Mwezi wa pili niliungua nisijue;
harufu ya kitambaa ndiyo iliyoniambia.

Basi nikaandika sababu zangu nyuma ya risiti ya unga.
Magunia ya kilo hamsini. Wiki sita bila kuinua kitu.
Kovu la pili, toka nyonga hii hadi ile.
Nani atainama?
Sababu nzuri zote, na zote zilisema hapana.
Nikaingia kwa daktari nimeishika risiti,
nikafungua mdomo, na kilichotoka ni:
"La tumboni. Nataka la tumboni."

Si kwa ajili ya Jumberi. Si kwa ajili ya kioo,
kioo changu kina unga tangu zamani.
Nataka tu.
Mara elfu kwa siku nawauliza watu, unataka mingapi?
Hakuna aliyewahi kumgeuzia muoka mikate swali hilo.

Akauliza lini. Baada ya Pasaka, nikasema,
kabla ya hapo watu wanakula mno.

Sasa namfundisha Vakho, mtoto wa Tsiala.
Anauogopa moto, anang'ang'ania ukingo kwa mikono miwili,
mkate unamdondokea majivuni.
Inama, namwambia. Zaidi.
Leo ameharibu kumi na mmoja.
Tumempelekea mama yake.