Mshono wa Ndani

Futi yangu ya fundi ina inchi sitini.
Yamzunguka kila mwanamke wa Bondeni
isipokuwa mimi.
Mimi hujizungushia kamba ya katani, nikapiga fundo,
kisha naipima kamba.

Mizani ya zahanati ilifika mwisho ikanyamaza.
Nikaenda ghala la majani ya chai, Shimanzi,
Jumapili, wapakuzi hawapo.
Bawabu Karisa akanisaidia kupanda.
Mshale ukasimama mia na sitini na tatu.
"Sikuona kitu," akasema. "Mimi husoma magunia tu."

Mama asema mwili ni neema.
Magoti yangu hayajamsikia.

Basi nikaanza kutafuta mtu wa kunikata.

Wa kwanza yuko Kizingo, ghorofa ya tatu, lifti mbovu.
Nilifika natiririka jasho, na kiti chake kina mikono.
Nikasimama. Hakuona kwamba nimesimama.
Akanionyesha picha: mnene kushoto, mwembamba kulia,
na kulia tu ndiko walikocheka.
Akataja bei, akataja punguzo
nikilipa kabla ya Ramadhani.
Mimi pia hutoa punguzo kabla ya Ramadhani.
Najua kazi ya mwezi ule ilivyo,
pindo linashikwa kwa uzi mmoja.

Wa pili, Nyali, mpole, ananukia udi.
Nikamuuliza, "Umewafanyia wangapi?"
"Wengi, alhamdulillahi."
Nikamshukuru Mungu pamoja naye, nikatoka.
Mteja akiniuliza kitambaa mita ngapi
simjibu "nyingi".

Swabra, aliyepasuliwa mwaka juzi,
alinifunulia tumbo nyuma ya pazia la kujaribia nguo.
Makovu matano, madogo
kama vifungo vya kanzu ya mtoto.
"Usidanganywe na mshono wa nje," akasema.
"Mwanatumu alishonwa vizuri kunishinda.
Siku ya nne akavuja ndani.
Simu ya daktari ikaita, ikaita."
Akashusha buibui.
"Muulize: saa nane za usiku, nani atashika simu?"
Gauni la Mwanatumu bado limetundikwa dukani.
Nilikuwa nimelipunguza kiuno mara mbili.

Wa tatu ana benchi.
Tudor, mlango wa bati, jina lake Mwachiro,
mfupi, kucha zimekatwa hadi nyamani.
Hakuuliza uzito. Aliuliza nyumbani nani anapika,
na nikiacha chakula kwenye sahani, nani atanuna.
Nikacheka. Yeye akashika kalamu, akangoja.
Nikasema nitafikiri.
Nikamuuliza wangapi.
"Mia mbili na kumi na mmoja."
Na wangapi hawakuamka?
Feni ikazunguka.
"Wawili."
Akawataja, kila mmoja majina matatu,
bila kutazama karatasi.
Kisha akanikataa. Sukari iko juu, rudi baada ya miezi mitatu.

Nilikasirika njia nzima hadi Bondeni.
Mtu aombe kisu, anyimwe!
Nikashona mikono miwili ya gauni kinyume,
nikaifumua, nikaishona tena kinyume.

Usiku, saa nane, nikapiga.
Iliita mara mbili.
"Mwachiro. Nani, na maumivu yako wapi?"
Nikasema hakuna maumivu.
Nilitaka kuona mshono wa ndani.
Kimya. Nikasikia kitanda kikilia chini yake.
"Haya," akasema. "Umeuona?
Sasa niache nilale, kesho nina mtu."

Leo mchana nimemwambia Mama
asinipakulie wali mara ya pili.
Amechukua sufuria, amekwenda nalo jikoni,
amefunga mlango.
Nimetafuta kalamu ya chaki,
nikaandika juu ya kitambaa cha mteja, kwa haraka, nisisahau:
atakayenuna, Mama.