Jumanne, Kabla ya Lori

Lori la taka huingia Chumbageni saa moja na robo,
Mhina kaning'inia nyuma kwa mkono mmoja,
mkono wenye glovu. Ya pili haikupatikana.
Mimi huwa nimeshapita.
Saa kumi na moja alfajiri, baiskeli haina taa wala kengele,
ina kamba ya mkonge tu, na macho yangu mwenyewe.

Usiniite mwokota taka.
Mwokota taka huokota taka.
Mimi naokota kiti kilichokosa mguu,
birika lililotoboka pale kila birika linapotoboka,
pasi iliyokatika waya shingoni,
na mtu mzima, msomi, kaiandikia cheti cha kifo.

Nazijua nyumba kwa vinavyotoka nje.
Wanaohama hutupa mapazia.
Waliooana juzi hutupa sufuria za mama mkwe, zikiwa zima,
wakazifunika majani makavu asije akapita.
Aliyefiwa hatupi kitu mwaka mzima,
halafu asubuhi moja anatupa vyote,
hata miwani.

Miwani siichukui.
Ni sheria yangu, sikuiandika popote:
miwani, meno ya bandia,
na viatu vya mtoto vikiwa jozi.

Husema mji huu waja leo waondoka leo.
Labda watu.
Vyombo havina nauli.
Vyombo hukaa ukingoni mwa barabara
vikingoja kuulizwa ni vya nani.

Jumanne iliyopita, nje ya geti la buluu,
karibu na bomba linalovuja tangu uchaguzi,
feni.
Feni ya mezani, kichwa kimeinama
kama mtu aliyedaiwa mbele ya wageni.
Nikaigeuza nitafute jina la kiwanda,
na mgongoni, chini ya kutu,
nikaona kifundo cha waya:
mizunguko mitatu, mkia umerudishwa ndani.

Hakuna afungaye hivyo ila mimi
na marehemu baba,
na baba alikuwa akizungusha mara nne.

Bi Mwanamvua.
Aliileta kibandani kwangu, barabara ya kumi na sita,
kaiviringisha kanga kama mtoto apelekwaye kliniki.
"Fundi, mwenzako ana homa."
Nikacheka. Nikaigusa. Kweli, ilikuwa ya moto.
Alilipa nusu.
Nusu ya pili akaileta kwa mkate wa kumimina, kila Ijumaa,
Ijumaa baada ya Ijumaa,
hata deni likageuka, nikawa mimi ndiye ninayedaiwa.

Kisha mkate ukakoma, na mimi sikuuliza.
Nilidhani amepata fundi mwingine.
Nilinuna, tena nilinuna hasa.

Nikasimama pale na baiskeli yangu.
Getini hakutoka mtu kuniambia ni lini.
Lakini kanga za mtu haziwekwi pipani
huku mwenyewe yuko ndani anaoga.
Zilikuwa mbili, zimekunjwa vizuri. Aliyezitupa alizikunja kwanza.
Juu yake, miwani.

Lori likanguruma kwenye kona ya benki.
Mhina akapiga mluzi, ule wa kunihimiza.

Nikaivunja sheria.

Sasa ni usiku, na feni inazunguka chumbani.
Koili nimeisuka upya. Panga moja halikuwapo,
nikalikata kwenye dumu la mafuta ya kula, la njano,
kwa hiyo upepo wangu una rangi.
Ikifika kushoto inakohoa.
Kikohozi kilekile kilichonishinda mara ya kwanza,
na nilipoomba radhi akasema,
"Kiache. Kinaniambia umeme upo."

Kanga nimezifua, zipo kambani.
Miwani iko dirishani, imekunja miguu.
Kila jioni naishika, naipangusa, naiangalia dhidi ya taa.
Sijui niifanyie nini.
Haina kilichovunjika.